Hoja Haiungui

Jumamosi asubuhi Koleo aliingia ndani ya ofisi ya tawi iliyoungua akiwa amevaa mabuti ya mpira. Sajini alimfuata nyuma na dumu la njano la mafuta ya taa, mikono ameinyoosha mbele kama mtu aliyebebeshwa mtoto wa watu.

Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye kitambulisho. Kituoni, mitaani, hata kwa mama mkwe wake, Inspekta huyu aliitwa Koleo, kwa sababu alichokibana hakikuponyoka mpaka kipoe. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, asiyependa kusemeshwa kabla hajamaliza kutazama. Sajini alilijua hilo. Alikuwa mzee wa kazi, mwenye magoti mabovu na malalamiko mengi, lakini akishaona kitu hakukisahau.

Jalada alilokabidhiwa Koleo alfajiri lilikuwa jembamba. Ijumaa alasiri ofisi ya tawi la chama ilishika moto. Mwenyekiti wa tawi, fundi bomba mstaafu aliyeitwa Mzee Bomba, alikuwa amejinyoosha ndani kwenye benchi. Alitolewa akiwa hajiwezi kwa moshi. Moto ulipozimwa, askari walikuta dumu la mafuta ya taa katikati ya chumba, na ubavuni lilikuwa na alama ya mkasi iliyochorwa kwa msumari wa moto. Kila mtu mtaani aliijua alama ile. Ilikuwa ya fundi mshonaji aliyeitwa Cherehani, mjane, mwanachama mwenye maneno mengi kuliko wote tawini. Tangu jioni ile alikuwa mahabusu. Kosa: kuchoma nyumba huku mtu akiwa ndani.

Mkuu wa kituo hakutaka mengi. "Kesi imeshapikwa, Inspekta," alimwambia. "Wewe pakua tu."

Koleo alimjibu kwamba hapakui chungu ambacho hajakionja, akachukua jalada akatoka.

Sasa alisimama katikati ya majivu. Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja cha matofali, chenye dirisha moja la nondo na mlango wa mbao uliobaki nusu. Viti vya plastiki vya wanachama vilikuwa vimeyeyuka, vikagandia sakafuni kama uji uliomwagika. Alimwomba Sajini aliweke dumu pale pale askari waliposema wamelikuta. Sajini akaliweka kati ya viti viwili, akarudi nyuma, akalitazama. Kisha akalitazama tena.

"Afande," alisema taratibu, "viti vimekuwa uji, na hili ni bichi kabisa."

"Umeona."

"Hata karatasi ya bei bado imebandikwa."

Koleo alipiga magoti. Kwa kijiko alichokuja nacho mfukoni alifukua majivu, tabaka kwa tabaka, na kila tabaka akalinusa. La juu lilinuka mafuta ya taa mpaka macho yakamwasha. La chini yake, lililoshikamana kwa maji ya kuzimia moto, lilinuka moshi tu. Saruji yenyewe haikuwa na harufu yoyote ya mafuta. Akarudia sehemu nyingine, na nyingine. Ikawa vile vile: mafuta yalikuwa yamemwagwa juu ya majivu, na majivu yalikuwa yameshalowa.

Halafu akainua macho. Kona ya juu ya swichi, mbao za paa zilikuwa zimeliwa zikabaki kama meno ya kizee. Chini ya kona hiyo hiyo miguu ya meza ilikuwa mizima. Moto wa mafuta sakafuni hupanda. Huu ulishuka.

Sajini alivuta pumzi. Kama moto ulitoka kwenye waya, alisema, basi hakuna kesi, warudi wakanywe chai.

"Kesi ipo," Koleo alimjibu. "Moto huu haukuwashwa na mtu. Kuna mtu aliuokota njiani akautumia."

*

Hospitalini walimkuta Mzee Bomba amekaa kitandani, mikono imefungwa bandeji, anagombana na muuguzi kwa sauti isiyotoka. Alikataa kuitwa mgonjwa. Alitaka suruali yake, kwa sababu mkutano mkuu wa wilaya ulikuwa unaanza saa nane mchana na yeye alikuwa mjumbe.

Koleo alivuta kiti, akamwacha azungumze kwa mpangilio wake mwenyewe. Mzee alisema swichi ya ofisi ilikuwa ikilia kama nyuki tangu wiki iliyopita. Alishawaandikia watu wa wilaya wamlete fundi, wakamwambia bajeti haijatoka. Ijumaa alijinyoosha baada ya chakula. Alichosikia kwanza ni dari kupasuka pasuka juu ya kichwa chake, na harufu ya mpira unaoungua. Mafuta ya taa? Hapana. Yeye alipikia jiko la mafuta maisha yake yote ya kazi. Angeyasikia hata akiwa kaburini.

Sajini, ambaye hakupenda kuacha shimo bila kuchungulia, alimkumbusha kwamba wiki ile ile vijana wa chama pinzani walirusha mawe kwenye bati la ofisi hiyo. Huenda walirudi. Mzee Bomba alicheka, kikohozi kikamkatiza, muuguzi akaja mbio. Alipopata pumzi alieleza kwamba aliyemtoa ndani alikuwa mmoja wa vijana hao hao, tena akiwa na fulana ya chama chake. Alimbeba begani kama gunia la chokaa na akamwambia, mzee, kura yako najua siipati, lakini kesho wewe ndiye utakayeninunulia fulana nyingine. Waliobeba ndoo za maji za kwanza walikuwa wenzake.

Kwa hiyo mlango huo ukafungwa. Walipokuwa wakitoka, mzee alimwita Koleo arudi. Alitaka kujua kama Cherehani bado yuko ndani. Alipoambiwa ndiyo, alitazama ukuta.

"Moto haukumpenda hata mmoja wetu," alisema. "Lakini kuna watu umewapendeza."

*

Cherehani alikuwa ameketi wima kwenye benchi la selo, miguu pamoja, kama mtu anayesubiri zamu kwa daktari. Gauni lake lilinuka moshi na pindo lilikuwa limeungua upande. Alimtazama Inspekta juu hadi chini, kwa jicho la kazi.

"Bega lako la kushoto limeshonwa na mtu mwenye haraka, afande."

"Nitakuletea ukitoka, dada. Kwanza niambie kuhusu dumu."

Maelezo yake yalikuwa mafupi na hayakuyumba. Mafuta aliyanunua Ijumaa asubuhi kwa ajili ya jiko lake, akapita nayo barabarani mbele ya watu wote, akaliweka dumu chini ya meza ya kukatia nguo. Alasiri aliposikia kelele za moto alishika ndoo akakimbia, duka akaliacha wazi na cherehani ikiwa na kitambaa mdomoni. Dumu hakuliona tena mpaka askari walipomwonyesha.

Koleo akamuuliza ni kwa nini mtu atake kumfunga.  Jambo lenyewe, alisema, lilianzia kwenye zahanati. Halmashauri ilikuwa imepiga kura kufunga chumba cha kujifungulia cha kata yao na kukihamishia ng'ambo ya mto. Diwani wao, waliyemnadi nyumba kwa nyumba, alirudi akawaambia amepinga kwa nguvu zake zote. Baadaye ikajulikana kwamba mkono wake ulikuwa wa kwanza kwenda juu. Mkwe wa Cherehani alijifungulia darajani, amesitiriwa kwa mwavuli. Mtoto alipona. Cherehani aliporudi kutoka kumwogesha, alikwenda tawini akaomba kikao.

Kikao kile kilizaa hoja. Mgombea udiwani asichaguliwe tena na kamati ya watu watano waliojifungia chumbani. Apigiwe kura na kila mwanachama wa matawi ya kata yake. Akishashinda, kila robo mwaka arudi mbele ya matawi aeleze alivyopiga kura kwenye halmashauri. Asiporudi, matawi yawe na haki ya kumnyang'anya tiketi. Hoja ikatembea. Wanachama wa tawi moja wakaipeleka kwa ndugu zao wa tawi jingine, kwenye misiba, sokoni, kwenye foleni za maji, mpaka matawi mengi ya wilaya yakawa yameijadili na kuikubali. Mkutano mkuu wa leo ndio ungepitisha sera ya chama kwa uchaguzi wa madiwani, na Cherehani ndiye aliyeteuliwa kuisoma hoja na kuitetea.

"Nani hakuipenda?"

"Uliza nani aliipenda huko juu. Utamaliza haraka."

Kisha akasema jambo ambalo Koleo hakulitegemea. Jana jioni Katibu wa Wilaya alikuja kumwona selo. Alikuja na juisi na pole nyingi. Alimwambia kwamba chama ni familia, na kwamba kama atakubali kukaa kimya kwenye mkutano, yeye mwenyewe atazungumza na Mkuu wa kituo malalamiko yafutwe asubuhi.

"Ukamjibuje?"

"Nilimwambia mimi nashona nguo za watu, sishonwi mdomo."

Koleo alisimama pale mlangoni mwa selo akiwaza saa. Malalamiko rasmi yalikuwa yameandikwa jana baada ya sala ya isha, aliyaona mwenyewe. Katibu wa Wilaya alikuja na juisi yake kabla ya hapo. Alikuwa anaahidi kufuta kesi ambayo ilikuwa bado haijafunguliwa.

*

Mbele ya duka la Cherehani, ng'ambo ya barabara, aliketi fundi viatu. Ndiye shahidi aliyeandikwa kwenye jalada kwamba alimwona mtuhumiwa akiwa na dumu. Alipomwona Koleo alianza kujitetea kabla ya kuulizwa. Yeye hakumsema Cherehani vibaya. Askari walimuuliza kama siku ile alimwona na dumu, naye akajibu ndiyo, alimwona, asubuhi, akitoka kununua mafuta. Hawakumuuliza asubuhi au jioni, na hawakumuuliza kingine.

"Mimi nakuuliza kingine," Koleo alisema. "Cherehani alipokimbilia kwenye moto, nani aliingia dukani kwake?"

Fundi alifikiri. Hakuna mtu aliyeingia, alisema. Aliingia Shemeji tu.

Shemeji alikuwa mdogo wa marehemu mume wa Cherehani, na pia katibu wa tawi. Cherehani alizoea kumwita shemeji kwa sauti kutoka upande huu wa barabara mpaka ule, na mtaa mzima ukalidaka jina. Kwa mujibu wa fundi, moto ulikuwa umeshazimika, watu wakiwa bado wamejaa upande wa ofisi, Shemeji alipokuja, akaingia dukani, akatoka na kitu amekifunika kwa kitambaa. Fundi alidhani ni ndoo, au labda anahifadhi mali ya nduguye isiibiwe. Mtu wa nyumbani haulizwi anachotoa nyumbani.

Koleo alikuwa anamsikiliza huku macho yake yametua kwenye meza ya fundi. Kati ya ndala na raba za watoto ulikuwa mguu wa kiatu cheusi cha ngozi, kipya bado, soli imeachia kuanzia kidole mpaka kisigino kama mdomo wa samaki. Aliukaribia, akauinua, akaunusa. Mwenzake alikuwa chini ya meza, katika hali ile ile.

Aliuliza ni vya nani.

"Vya huyo huyo Shemeji. Ameleta asubuhi, anavitaka kabla ya saa nane. Nimemwambia gundi imelainika, haishiki kitu mpaka ikauke. Sijui alikanyaga nini."

Koleo alivifunga viatu kwenye gazeti. Alimwomba fundi amwambie mwenyewe akija kwamba viatu vyake viko kituoni, avifuate huko.

*

Shemeji alikuja kituoni akiwa amevaa suti ya kijivu, tai nyekundu na ndala.

Alikuwa mtu wa makamo, mnene wa mashavu, mwepesi wa kutabasamu, na alitabasamu hata sasa. Koleo alimkaribisha kiti. Viatu vilikuwa mezani kati yao, juu ya gazeti. Sajini alikaa pembeni na kalamu.

"Viatu vyangu vimekosa nini, Inspekta?"

"Soli zimeachia."

"Nilisaidia kuzima moto. Vililowa maji."

"Maji hayana harufu. Vinuse."

Hakuvinusa. Alisema basi labda alikanyaga yale mafuta humo ndani.

"Ulisema hukuingia ndani," Sajini alisema bila kuinua kichwa. "Jana ulieleza ulibaki mlangoni kuzuia watu mpaka polisi walipofika. Ulirudia mara mbili; nilikuwa nimesimama karibu."

Tabasamu lilibaki usoni pa Shemeji, lakini macho yakaliacha peke yake. Alisema alichanganyikiwa, moshi ulikuwa mwingi. Koleo alivisogeza viatu karibu yake.  Nje mtu alikuwa anafagia uani.

"Najua hukuchoma ile ofisi," Koleo alisema.

Shemeji aliinua kichwa haraka, kama mtu aliyetupiwa kamba mtoni. "Wallahi sikuchoma."

"Moto ulitoka kwenye waya, juu ya swichi. Hakuna atakayekushtaki kwa moto."

"Sikuchoma, Inspekta. Mimi nilimwaga tu."

Kalamu ya Sajini ilisimama, kisha ikaendelea. Shemeji alisikia alichokisema. Alilegeza tai, akaomba maji, akaletewa, akayanywa yote. Baada ya hapo hakukuwa na haja ya kumvuta. Alisimulia kama mtu anayetua mzigo njiani bila kujali umeangukia wapi.

Katibu wa Wilaya alifika kwenye moto kwa gari lake huku matofali yakiwa bado yanafuka. Alimvuta Shemeji kando ya ukuta. Hakumwambia amwage chochote. Watu wa namna ile hawasemi hivyo. Alisema tu kwamba ingekuwa ajabu kama polisi wangekuta dalili ya mkono wa mtu, na ajabu zaidi kama mkono huo ungekuwa wa mtu fulani. Alisema kata itahitaji mgombea mpya wa udiwani, mtulivu, na kamati inamjua anayefaa. Halafu akamgusa tai, akamwambia inampendeza.

"Aliniambia ni siku mbili tu," Shemeji alisema. "Angekaa ndani siku mbili, kesi ingekufa yenyewe."

"Na mkutano?"

"Mkutano ungekuwa umekwisha."

"Kuchoma nyumba yenye mtu si kesi inayokufa yenyewe. Shemeji yako angetoka gerezani haoni tundu la sindano."

Shemeji alifunika uso. Alisema Cherehani ndiye aliyemlipia shule, baada ya kaka yake kufa. Hakuna aliyekuwa amemuuliza.

*

Mkuu wa kituo aliyasoma maelezo akiwa amesimama. Alipomaliza aliyaweka mezani kifudifudi. Alikubali kwamba kazi ilikuwa nzuri. Alipendekeza kazi hiyo nzuri ipumzike mpaka Jumatatu, pamoja na mwanamke yule, kwa sababu kumwachia mtu saa chache kabla ya mkutano wa chama kungeonekana polisi wanaingilia siasa.

"Kumshika ndiko kulikoingilia," Koleo alisema. "Kumwachia ni kutoa mkono tu."

"Inspekta, umebakiza miaka michache. Usiipige teke sahani yako."

Koleo alimwambia kwamba hana sababu ya kisheria ya kumshikilia mtu huyo hata dakika moja zaidi. Kama Mkuu anayo, aitoe amri hiyo kwa maandishi na saini yake, naye ataitii na kuibandika ndani ya jalada mbele kabisa, ambapo hakimu ataiona kabla ya kitu kingine. Akatoa kalamu yake mwenyewe, akaiweka mezani.

Mkuu aliitazama kalamu. Kiyoyozi kilidondosha maji kwenye ndoo. Mwishowe alimwambia atoke ofisini kwake, naye akatoka, akaenda moja kwa moja selo, akafungua.

Cherehani alipoambiwa ni nani aliyelichukua dumu, aliketi tena kwenye benchi.  Kisha aliuliza ni saa ngapi.

*

Ukumbi wa mkutano ulikuwa bwalo la shule, madirisha makubwa, viti vimepangwa mpaka ukutani, na waliokosa viti walikaa kwenye madirisha. Mwenyekiti wa wilaya alikuwa safarini, hivyo Katibu wa Wilaya ndiye aliyeongoza kikao. Alikuwa mtu mrefu, mwenye sauti laini ya kuombea mchango. Cherehani alipoingia na gauni lake lililoungua pindo, minong'ono ilitangulia mbele yake kama upepo kwenye mahindi. Mzee Bomba alikuwa ameshafika, suruali ameipata, bandeji mpaka viwiko.

Koleo na Sajini walisimama nyuma, karibu na mlango. Sajini alinong'ona kwamba maelezo wanayo, mtu wao yule pale, wanasubiri nini. Koleo alimjibu kwamba wakimkamata sasa mkutano utavunjika, na mtu yule angeifurahia pingu kama ingemvunjia mkutano. Wanaye mkononi. Haendi popote. Na aisimamie hiyo kura mwenyewe.

Ajenda ilipofika, Katibu wa Wilaya alieleza kwa masikitiko kwamba mtoa hoja anakabiliwa na tuhuma nzito na kwa hekima ya chama hawezi kuzungumza. Cherehani alisimama, akaomba aambiwe tuhuma ipi, kwa kuwa mpelelezi wa tuhuma hiyo yumo humu ndani. Vichwa vyote viligeuka. Koleo hakusogea alipokuwa. Alisema sentensi moja, kwamba mama huyu hana kesi yoyote, akafunga mdomo.

 Katibu wa Wilaya alibadilisha njia. Alisema hata hivyo hoja yenyewe iliteketea pamoja na ofisi ya tawi, haikuwahi kuwasilishwa wilayani, na kikao hakiwezi kujadili kitu ambacho hakipo mezani.

"Iliyoungua ni karatasi," Cherehani alisema. "Hoja haiungui. Mgombea apigiwe kura na wanachama wote wa kata."

 Alikuwa anataka kuendelea, lakini kutoka upande wa dirisha mwanamke wa tawi jingine, mwenye mtoto mgongoni, alisimama akaendeleza pale alipoachia: na akishinda, arudi kila robo mwaka aseme alivyopiga kura. Mzee mmoja wa mstari wa mbele, ambaye Cherehani hakumjua, akainuka kwa fimbo: na asiporudi, tiketi tuichukue. Kisha sauti nyingine ikairudia kutoka mwanzo, na nyingine, bila mpangilio, wengine wakikosea maneno na kusahihishwa na majirani. Walikuwa wameijadili kila mmoja kwao. Haikuwa tena ya mtaa mmoja wala ya mdomo mmoja.

Katibu wa Wilaya alipiga meza. Alisema kuna fujo, anaahirisha kikao. Mzee Bomba akamuuliza, kwa sauti yake ya mkwaruzo, fujo iko wapi wakati kila mtu anasema kitu kimoja. Na akaomba wanaoiunga mkono hoja wasimame. Bwalo zima lilinyanyuka kwa mlio wa viti. Waliobaki wameketi walikuwa madiwani wa sasa na wake zao, na mmoja wa wake hao alimtazama mumewe, akasawazisha kilemba, naye akasimama.

Waliosimama hawakuketi tena. Walisimama vile vile, wakimtazama yule mtu mezani, mpaka alipolazimika kutamka kwa mdomo wake mwenyewe kwamba hoja imepita na itaingia kwenye sera ya uchaguzi wa madiwani. Makofi yalipoanza, Koleo alianza kutembea.

Alipanda jukwaani, akamwambia kwa sauti ya chini kinachomhusu na anakohitajika. Katibu wa Wilaya aliuliza kama wanaweza kupita mlango wa nyuma. Koleo alimjibu kwamba gari lake liko mbele. Walipita katikati ya wajumbe, na wajumbe wakajibana kuwapisha. Makofi yalikuwa yamekatika. Hakuna aliyezomea, na pengine hilo ndilo lililomfanya mtu yule mrefu atembee ameinamisha kichwa.

Nje, simu ya Koleo ililia. Alikuwa Mkuu wa kituo. Alimfahamisha kwamba kuanzia wiki ijayo anahamishiwa kitengo cha mizigo iliyopotea, wilaya ya mbali. Koleo alimshukuru, akamwambia atafunga virago akishafikisha jalada kwa mwendesha mashtaka, nakala moja kwake na nyingine kwa hakimu, na ikibidi ya tatu ataisoma kwa sauti stendi. Akakata kabla hajajibiwa.

Cherehani alikuwa amesimama kando ya lango, watu wamemzunguka. Sajini alijipenyeza mpaka kwake, akamvuta pembeni na kumuuliza jambo ambalo lazima aulizwe: Shemeji alikuwa selo, katika chumba kile kile alicholala yeye jana. Kwa kuwa ni ndugu, kuna wanaopenda kuyamaliza nyumbani. Je, alitaka maelezo yake dhidi ya Shemeji yaandikwe?

Cherehani alitazama barabara upande wa kituo.

"Andika," alisema. "Yote, usiache hata moja. Chakula cha jioni nitampelekea mimi."